Makinikia ya Kwenye Kichupa

Makamanda, naanza kwa kukiri kosa.

Wiki mbili zilizopita iliingia kwenye grupu letu la vijana picha ya hindi lililochorwa fuvu la kichwa, na chini yake maneno ya herufi kubwa: GMO NI SUMU, SERIKALI INATUUA. Sikuuliza picha imetoka wapi. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula chuoni, nikaisambaza kwenye magrupu matatu, likiwemo la ukoo, kisha nikaendelea na wali maharage wangu.

Jioni mjomba wangu wa Kongwa akanitumia ujumbe wa sauti. Mjomba analima mahindi na mtama, na ana ng'ombe tisa. Hakunigombeza. Aliuliza maswali matatu tu, taratibu kama kawaida yake. "Mama, wewe ndiye unayesoma sheria. Kwanza, hiyo sumu nani kaipima? Pili, yale mahindi ya kustahimili ukame waliyokuwa wanayajaribu pale Makutupora yaliishia wapi? Tatu, kama serikali inatuua kwa GMO, mbona ni serikali hiyo hiyo iliyoamuru yateketezwe?"

Sikuwa na jibu hata moja. Nimekaa maktaba jioni nne mfululizo kulitafuta, na andiko hili ndilo nililopata. Ni jibu kwa mjomba, na ni ombi kwa vijana wenzangu: tuache kupigana na hindi. Ugomvi wetu halali ni juu ya nani anaamua, kwa sheria gani, na nani ananufaika.

Kwanza tuelewane maneno

Kila kiumbe hai, awe ng'ombe, muhogo au bakteria, ana maelekezo yake yote ndani ya chembechembe zake. Maelekezo hayo yote kwa pamoja huitwa jenomu. Kusoma jenomu ni jambo moja, kuibadilisha ni jambo lingine kabisa. Sisi kwenye mitandao tumeyachanganya yote tukayaita GMO.

Chukua muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na walioueleza walikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga. Ubaya wake ni kwamba shamba linaweza kuonekana liko sawa, mama akachimba, akakuta muhogo umeoza ndani. Watafiti wa kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wamekuwa wakisoma vinasaba vya virusi vya ugonjwa huo pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda. Wamewahi kwenda hadi shambani na kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, wakapata jibu kwa saa chache badala ya kusubiri miezi sampuli irudi kutoka maabara ya nje. Mkulima anaambiwa ng'oa hii, panda mbegu ile. Hapo hakuna jeni hata moja iliyobadilishwa.

Au chukua ng'ombe. Wafugaji wanaijua ndigana kali inayoletwa na kupe. Inaingia zizini na kuzoa ndama. Jenomu ya kijidudu chake ilichapishwa mwaka 2005. Chanjo yake ilikuwepo kabla ya hapo, ilibuniwa Muguga nchini Kenya miaka ya 1970: ndama anapewa kijidudu hai pamoja na dawa ya kukidhibiti, mwili unajifunza kujikinga. Ndani ya chanjo hiyo kuna aina tatu za kijidudu, na mojawapo inaitwa Serengeti kwa sababu asili yake ni nyati wa Serengeti. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini wanamfahamu ndama aliyechanjwa kwa hereni yake sikioni, na mnadani wanajua bei yake si sawa na ya mwenzake. Hiyo nayo si GMO.

GMO ni pale jeni inapotolewa kwa kiumbe kimoja na kuingizwa kwa kingine maabara. Mahindi ya Makutupora yalikuwa hivyo. Jeni yake ilitoka kwa bakteria wa kawaida wa udongoni aitwaye Bacillus subtilis, ambaye huitumia kustahimili baridi. Kwenye mahindi ilitarajiwa isaidie mmea uvumilie upungufu wa maji. Mradi uliitwa WEMA, ulianza mwaka 2008, ukahusisha Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Jeni ilitoka kampuni ya Monsanto ya Marekani, ambayo mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje, mfuko wa Bill Gates ukiwemo.

Je, ni sumu? Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya aina hiyo vilivyopo kwenye soko la kimataifa vimepimwa usalama wake, na hakuna dalili kwamba vinaleta madhara kwa walaji. Unaweza kudai vipimo zaidi, ni haki yako. Lakini fuvu la kichwa juu ya hindi si kipimo, ni uongo tu, na mimi niliusambaza. Mjomba, swali lako la kwanza limejibiwa: aliyechora lile fuvu hakupima kitu.

Hii haina maana kwamba maswali yameisha. Mbegu ni ya nani? Mkulima ataruhusiwa kuhifadhi na kumgawia jirani? Chavua ikivuka uzio ikaingia shamba la mtu asiyetaka, nani anamlipa? Kampuni ikisema mwanzo inatoa jeni bure, hiyo bure ina mwisho? Haya ni maswali ya kweli, na hakuna hata moja linalojibiwa na fuvu.

Miaka 12 ya matamko

Sasa njooni kwenye swali la pili: mahindi yaliishia wapi?

Nchi yetu haina sheria mahsusi ya bioteknolojia iliyotungwa na Bunge. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yenye vifungu vichache vinavyogusa jambo hili, na chini yake zikatungwa Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009. Kwa wasiosoma sheria: muswada unajadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu, lakini kanuni hutungwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Wewe na mimi hatusikii mjadala wowote. Tunashtukia imeshakuwa.

Kanuni za 2009 ziliweka dhima kali sana. Ukileta kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, madhara yakitokea unalipa, iwe ulizembea au hukuzembea. Watafiti wakalalamika kwamba kipengele hicho kinawakimbiza wafadhili. Mwaka 2015 kanuni zikarekebishwa: kwa shughuli za utafiti, anayedai fidia sasa athibitishe kwanza kwamba mtafiti alikosea. Labda lilikuwa jambo la busara. Labda lilikuwa jambo la hatari. Kilicho wazi ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ulihamishwa kutoka kwenye mabega ya mwenye maabara kwenda kwa mkulima kama mjomba, bila wabunge kukaa wakabishana kwa sauti na sisi tukasikia.

Oktoba 2016 mahindi yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya eneo lililozungushiwa uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe, kwa maelezo kwamba watafiti walitangaza matokeo bila kibali. Kisha Januari 2021 waziri mpya wa kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa utafiti wa GMO nchini.

Hesabu mwenyewe. Dhima kali, dhima ikalegezwa, ruhusa ya kupanda, amri ya kuteketeza, tamko la kufuta. Mambo matano ndani ya miaka 12, na yote yalimalizwa ndani ya wizara. Ukiwa unaipinga GMO, usifurahie tamko la 2021, maana lililowekwa kwa tamko huondolewa kwa tamko, na waziri mwingine anaweza kuamka kesho akasema vingine. Ukiwa unaiunga mkono, nawe huna pa kushika. Na kama wewe ni mtafiti kijana uliyetumia miaka kwenye lile shamba, kazi yako inategemea nani kaapishwa Ikulu wiki hii.

Mjomba, mahindi yako yaliishia kwenye amri. Hukuonyeshwa matokeo, mazuri au mabaya. Wewe unayelima mkoa ule ule, ambaye mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele unajua mwaka umekwisha, hukuulizwa wakati wa kupanda na hukuulizwa wakati wa kuteketeza.

Kuna rasilimali zinazotoka bila kontena

Wote tunakumbuka mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ikajifunza neno jipya, na Julai mwaka huo zikapitishwa sheria za kulinda rasilimali. Wabunge wa upinzani walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba miswada mizito namna ile ililetwa kwa hati ya dharura. Mimi nilikuwa bado shule, nakumbuka tu kelele za redioni.

Safari hii nimeisoma mwenyewe Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, 2017. Makamanda, tafuteni tafsiri ya maliasili mle ndani. Tulidhani ni dhahabu na gesi. Imetaja mimea. Imetaja wanyama. Imetaja rasilimali za kijenetiki. Imetaja hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ni rasilimali za wananchi, Rais amezishika kwa dhamana, na Bunge limepewa mamlaka ya kupitia mikataba inayozihusu. Maana yake bakteria wa Ziwa Natron ana ulinzi ule ule wa dhahabu ya Geita. Kwenye karatasi.

Kwa nini bakteria alindwe? Sikilizeni kisa cha majirani zetu. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli za vijidudu kwenye Ziwa Bogoria, Kenya, ziwa la magadi lenye chemchemi za moto. Vijidudu vinavyoishi kwenye maji makali namna ile vina vimeng'enya visivyoharibika kwenye sabuni wala kwenye joto. Kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ikapata humo vimeng'enya vya biashara, kikiwemo cha kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Miaka kumi na miwili baadaye, 2004, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya likajitokeza kudai kwamba sampuli zilichukuliwa bila ridhaa yake na kwamba Wakenya wanastahili fungu lao. Mwaka 2007 shirika hilo likafanya tofauti: likasaini mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, kabla ya kazi kuanza, wenye malipo na mafunzo kwa wataalamu wa Kenya. Ukilinganisha hivyo visa viwili unaona faida ya kuwa na karatasi mkononi kabla kichupa hakijapanda ndege.

Na sisi tusijione wageni wa mambo haya. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Leo ua lile linapamba madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani, linauzwa kwenye maduka ya maua kila kona, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Lushoto na Muheza wamebaki na jina.

Natron, Manyara na Eyasi ni maziwa ya magadi kama Bogoria. Jirani zetu wa Mpwapwa wana ng'ombe wanaobeba jina la mji wao, waliozalishwa pale kwa kuchanganya ng'ombe wa asili na wa kigeni ili wahimili ukame na bado watoe maziwa. Vyote hivyo ni akiba ya vinasaba, na mwenye mashine ya kusoma jenomu anaiona kama mwenye mtambo anavyoona mwamba wenye dhahabu.

Tena siku hizi hata kichupa hakihitajiki sana. Ukishaisoma jenomu, inakuwa herufi kwenye kompyuta. Inatumwa kwa intaneti, inawekwa kwenye hazina ya data iliyo wazi, kampuni ya upande wa pili wa dunia inaipakua na kutengeneza bidhaa. Hakuna afisa forodha atakayeikamata. Dunia imeliona hilo: Februari 2025 ulizinduliwa mfuko uitwao Mfuko wa Cali, ambamo kampuni kubwa zinazonufaika na data za aina hiyo zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha iende kwa jamii za asili na wenyeji. Kuchangia ni hiari, kwa hiyo tusiote ndoto. Ila nchi itakayokaa mezani ni ile inayojua kilichotoka kwake, lini, na kwa kibali cha nani. Sisi tuna daftari hilo? Kama lipo, mwananchi analiona wapi?

Mahakamani napo mlango ni mwembamba

Mtu ataniambia, nenda mahakamani basi, si unasoma sheria. Katiba yetu, ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Lakini mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, na anayefungua shauri la aina hiyo akatakiwa aonyeshe kwa kiapo namna yeye binafsi alivyoathirika. Haya niambieni: mimi binafsi nimeathirikaje na bakteria aliyetoka Natron? Mjomba binafsi ameathirikaje na mahindi ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuyaona? Madhara ya namna hii yanampata kila mtu, na ndiyo maana yanaweza yasiwe na mtu wa kuyasemea.

Wakenya wana sheria yao ya usalama wa bioteknolojia, iliyotungwa na Bunge mwaka 2009. Baraza la mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, likaondoa marufuku Oktoba 2022, na wananchi wakaenda mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupa kesi. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji kwa muda. Unaweza kusema wanavutana sana. Lakini wanavutana hadharani, kwa hoja na ushahidi, na kila upande unajua uende wapi ukishindwa. Uganda, Bunge lilipitisha muswada mara mbili, 2017 na 2018, na Rais Museveni akakataa kusaini mara zote mbili. Angalau Waganda wana kumbukumbu za nani alisema nini.

Tudai nini

Najua kuna watakaoniambia: dada, chama kina mambo mazito. Katiba mpya, tume huru, wenzetu walio ndani. Wewe unatuletea bakteria?

Ndiyo, nawaletea bakteria, kwa sababu ni jambo lile lile. Mtu mmoja kuamua kwa tamko kitu kinachowahusu watu milioni sitini ndicho tunachokipinga kwenye uchaguzi. Hatuwezi kukipinga huko, halafu tukakishangilia kwenye kilimo kwa sababu safari hii tamko limetupendeza.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya yetu ya vijana ibebe madai manne.

Moja, sheria ya bioteknolojia itungwe na Bunge, kwa mjadala wa wazi na wakulima na wafugaji wakiitwa kutoa maoni, siyo kwa hati ya dharura. Iseme wazi nani analipa madhara yakitokea.

Mbili, matokeo ya majaribio ya Makutupora yachapishwe yote kwa Kiswahili. Kama mahindi yalifeli, tujue. Kama yalifaulu, tujue vilevile.

Tatu, kuwe na daftari la wazi la kila sampuli na kila data ya vinasaba inayotoka nchini, na masharti yake. Sheria ya 2017 imeshasema ni mali yetu. Bado mtu wa kuhesabu.

Nne, utafiti wa kusoma vinasaba vya mihogo, mifugo na magonjwa yake utengewe fedha za ndani. Mfadhili anayelipa mashine ndiye anayeamua mashine isome nini, na hatuna wa kumlaumu.

Nyongeza ni ya kwetu wenyewe, haihitaji Bunge. Kabla ya kusambaza picha, tuulize swali la mjomba: nani kapima? Chama kinachodai ukweli kutoka serikalini hakiwezi kuishi kwa picha za mafuvu. Siku tukishika dola, wale tuliowatisha watatuuliza.

Jana nilifuta ile picha kwenye magrupu yote matatu na kuandika kwamba nilikosea. Kisha nikampigia mjomba nikamweleza haya yote, dakika arobaini, bando likaisha katikati akanipigia yeye. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa mama. Kwa hiyo hata wewe hujui kama yale mahindi yangenifaa."

Sijui, mjomba. Sijui kwa sababu walioyajua waliambiwa wanyamaze. Hilo ndilo ninalotaka tulipiganie.